Wapiga fidla wa Mombasa waketi ndani ya okestra, si mlangoni

Mhariri,

Nimesoma kwa furaha tangazo la okestra yetu ya kijamii kuhusu msimu mpya wa matamasha utakaoanza hapa Mombasa mwezi ujao, na kwa kuwa nimepiga fidla katika vikundi vya taarabu kwa zaidi ya miaka thelathini, naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo moja ambalo naamini waandaaji bado wana muda wa kulitengeneza. Tangazo linaeleza kwamba okestra imepungukiwa na wapiga fidla, na wa zile ala kubwa za jamii yake, selo na besi, na kwamba watakaozijaza nafasi hizo wataalikwa kutoka Nairobi. Watu wa Nairobi wanaijua kazi hii, okestra yao ya siku nyingi ilianzishwa 1947, na si aibu kujifunza kwao. Lakini kabla ya kuwakatia tiketi za treni, ingefaa waandaaji wapite Mji wa Kale, Majengo, Kisauni na Likoni, waulize ni nyumba ngapi zina fidla iliyotundikwa ukutani ndani ya mkoba wake.

Fidla si mgeni Pwani. Taarabu tuliyoirithi ilistawi Unguja tangu zama za Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888 na kuupenda muziki wa Misri, na kufikia 1905 kikundi cha Akhwani Safaa kilikuwa kimekwisha kuundwa huko. Baadaye Wamisri wenyewe walivikuza vikundi vyao vidogo vya udi, kanuni (ala ya nyuzi nyingi), nai (filimbi) na fidla vikawa na safu nzima za fidla pamoja na selo na besi, na santuri na filamu zao zilipofika kwetu, wazee wetu wakazitafuta ala zilezile na kuzipiga kwa namna yao. Hapa Mombasa marehemu Juma Bhalo alizipeleka kwenye mahadhi ya Kihindi, na marehemu Zein l'Abdin akayapa mashairi ya Kiswahili sauti ya udi ambayo hadi leo kijana anayejifunza ala hiyo huanza kwa kumuiga yeye. Mtoto wa mji huu akisikia fidla nane zimeanza pamoja, linalomjia kwanza akilini ni arusi.

Hata matarumbeta hatukuyajua jana, kwa maana ngoma ya beni, ambayo jina lake limetokana na bendi, ilichezwa Lamu na Mombasa tangu mwishoni mwa karne ya 19 kabla ya kuenea Tanganyika. Na wimbo wetu wa taifa, ulioandaliwa 1963, umejengwa juu ya wimbo wa Wapokomo wa Mto Tana wa kubembelezea watoto.

Nikiirudia orodha ya kazi zitakazopigwa msimu huu, mbili zimenigusa zaidi. Ya kwanza ni Simfoni ya Tano ya Beethoven, iliyosikika kwa mara ya kwanza mjini Vienna tarehe 22 Desemba 1808. Usiku ule ukumbi ulikuwa na baridi kali, onyesho lilichukua takriban saa nne, mazoezi yalikuwa hayakutosha, na kazi nyingine ya mtunzi huyohuyo ilivurugika katikati hata ikabidi ianzwe upya mbele ya watu. Ninalikumbusha tukio hilo kwa sababu kinachoiponza okestra mara nyingi ni uhaba wa mazoezi, na mpigaji anayeshuka kwenye treni siku mbili kabla ya tamasha hawezi kufanya mazoezi ya miezi miwili pamoja na wenzake. Anayekaa Majengo anaweza.

Ya pili ni Scheherazade. Rimsky-Korsakov, Mrusi aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi la wanamaji, aliitunga 1888 kutokana na hadithi za Alfu Lela Ulela, na sauti ya msimulizi, yule mke wa mfalme anayekiahirisha kifo chake usiku baada ya usiku kwa kusimulia, akaikabidhi kwa fidla moja inayosindikizwa na kinubi. Fidla ile hupanda peke yake, ikazunguka, ikapamba, ikashuka taratibu hadi mahali ilipoanzia, na mtu wa taarabu akiisikia atadhani ni mpigaji anayepiga taksimu, yaani utangulizi wa kubuni papo hapo, kabla ya mwimbaji kufungua kinywa. Kisha bahari inaanza kuchafuka na jahazi la Sindbadi linayumba ndani yake. Sidhani kuna kazi ya Ulaya inayofaa kupigwa katika mji huu wa bandari kuliko hiyo. Pendekezo langu ni kwamba usiku huo, kabla ya kondakta wa okestra kuinua mkono, mzee mmoja wa taarabu apewe dakika tano apige taksimu katika hijazi, mojawapo ya ngazi za sauti za Kiarabu, ili wasikilizaji waisikie fidla ya msimulizi wakiwa wamekwisha kukumbushwa ilikopita kabla ya kuwafikia.

Najua jibu nitakalopewa, kwamba wapiga taarabu hawasomi nota. Kwa wengi wetu ni kweli, nami sitaki kulificha jambo hilo wala kulidharau. Mwaka jana msichana mmoja wa okestra hii, mwanafunzi wa sekondari, aliletwa na shangazi yake barazani kwangu ili nimsaidie kutengeneza mkono wa upinde. Fidla yake ilikuwa imefungwa nyuzi kwa sol, re, la, mi. Yangu, kama nilivyofundishwa, ilikuwa sol, re, sol, re. Tulipojaribu kupiga pamoja tukapotezana papo hapo, nikaona mimi ndiye wa kubadilisha. Ulikuwa msimu wa kusi, hewa nzito ya unyevu, na kigingi cha uzi wa kwanza kilikuwa kimevimba kikagoma kuzunguka. Nikakichomoa, nikakipaka sabuni kavu na chaki kidogo, nikakirudisha na kuukaza uzi polepole hadi alipotikisa kichwa kukubali.

Kuanzia hapo tulifundishana. Yeye alinichorea mistari mitano kwa penseli, akanionyesha jinsi nota inavyopanda na kushuka juu yake, na mimi nikamwonyesha kidole cha pili kinapokaa katika rasti, ngazi nyingine ya Kiarabu, katikati ya sehemu mbili ambazo kwake ndizo pekee zilizokuwa sahihi. Mwanzoni alisema pale pamekosewa. Fidla, Mhariri, haina vituo shingoni kama gita, na ndiyo sababu kidole kinaweza kusimama popote sikio linapokitaka kisimame. Baada ya jioni sita aliipata rasti bila kuitafuta, nami nilikuwa nasoma ukurasa wa kwanza wa sehemu ya fidla ya pili, pole pole lakini bila kusaidiwa. Kilichonitaabisha zaidi ni kunyamaza. Katika bashrafu, kipande cha ala tupu cha kufungulia taarabu, sote huandamana katika njia moja tangu mwanzo hadi mwisho, kila mmoja na pambo lake, ilhali katika simfoni fidla ya pili inaweza kukaa kimya vipimo kumi na viwili ikihesabu moyoni huku wengine wakiendelea, kisha iingie bila kuitwa. Ni adabu nyingine ya muziki, na mtu mzima anaweza kujifunza.

Ninaloliogopa ni kwamba waandaaji watatukaribisha kwa namna tuliyowahi kukaribishwa. Miaka kadhaa iliyopita, katika tamasha la muziki wa namna hii kwenye hoteli moja ya Pwani, mimi na wenzangu wawili tuliitwa tukavaa kanzu safi na kofia, tukawekwa mlangoni tupige wakati wa mapumziko wageni wakinywa sharubati. Hakuna aliyetusikiliza, na kengele ilipolia mlango ulifungwa nasi tukiwa nje. Marehemu mwenzetu mmoja, aliyekuwa na mkono mwepesi kuliko wote niliowahi kuwasikia, alisimama pale pale akaisikiliza simfoni yote kupitia kwenye mlango. Siku ya pili alinipigia kwa fidla, kwa sikio tu, sehemu ndefu aliyoinasa. Mtu wa namna hiyo alistahili kiti, na kwa kweli jambo hilo lingali linaniuma.

Kwa hiyo ninachoomba ni viti, katika safu, pamoja na wengine. Siombi upendeleo, kila atakayefika apimwe, na asiyefaa aambiwe hafai. Ila ratiba ya mazoezi inahitaji kubadilishwa, kwa sababu tangazo limeyaweka Alhamisi na Jumamosi usiku, na kila anayeishi Mombasa anajua kwamba siku hizo ni za arusi na ndizo zinazomlisha mpiga taarabu. Yakihamishiwa Jumatatu na Jumanne baada ya sala ya isha, nina hakika wengi wataweza kufika, na wale wa Likoni wataruhusiwa kuondoka mapema kidogo kwa ajili ya feri. Kuhusu mahali pa matamasha sina mengi, isipokuwa kwamba usiku mmoja angalau ufanyike uani Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa 1593 na ambayo watu wa mitaa ya karibu wanaifikia kwa miguu. Ukiwa ni wakati wa kaskazi, upepo utazipeperusha karatasi za nota, na dawa yake ni vibanio vya nguo, viwili kwa kila ukurasa.

Mimi mwenyewe nimekwisha kuzungumza na wenzangu wanne, wawili wa fidla, mmoja wa selo na mmoja wa besi, nao wamekubali kwenda kupimwa siku yoyote ya mwanzo wa wiki watakayoitwa. Ninawaomba waandaaji watujulishe siku mbili kabla, kwa kuwa ile besi haiingii katika matatu wala katika tuktuk, na itabidi tuikodie mkokoteni kutoka Majengo.

Mpiga fidla,
Mji wa Kale, Mombasa