Mkopo ni mkopo, usivishwe kanzu ya msaada

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme neno kuhusu fedha za "mpito wa haki wa nishati", yaani kuhama kutoka makaa ya mawe kwenda nishati safi bila kuwaacha nyuma wafanyakazi, ambazo mataifa tajiri hupenda kuzitangaza kwenye mikutano ya tabianchi.

Novemba 2021, mjini Glasgow, Afrika Kusini iliahidiwa dola bilioni 8.5 na Marekani, Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Umoja wa Ulaya ili ipunguze kutegemea makaa ya mawe. Mwaka uliofuata Indonesia ikaahidiwa dola bilioni 20 na Vietnam bilioni 15.5, kisha 2023 Senegal euro bilioni 2.5. Ukisoma vichwa vya habari utadhani ni zawadi. Ukifungua hati zenyewe unakuta mikopo na dhamana za mikopo. Ruzuku, yaani fedha isiyorudishwa, utaitafuta kwa tochi.

Chukua Komati, kituo cha umeme wa makaa mkoani Mpumalanga, Afrika Kusini. Kituo hicho kilianza kufua umeme 1961 na mtambo wake wa mwisho ulizimwa Oktoba 2022. Mwezi uliofuata Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 497 ili pawekwe umeme wa jua, wa upepo na betri. Kati ya hizo, ruzuku ilikuwa milioni 10. Zilizobaki ni deni, na deni la shirika la umma hatimaye humfikia anayelipia umeme na kodi.

Tena mitambo ilizimwa kwanza, kazi mpya zikabaki ahadi. Waajiriwa wa kudumu wa shirika la umeme angalau walikuwa na vituo vingine vya kuhamishiwa. Lakini kituo cha makaa hakiendeshwi na hao peke yao. Kuna walinzi na wafagiaji wa mkataba, wachomeleaji wanaoitwa wakati wa matengenezo, madereva wa malori. Nje ya geti kuna mama anayewapikia, na ng'ambo ya barabara kuna mzee aliyejenga vyumba viwili vya kupangisha. Majina yao hayamo kwenye orodha ya mishahara, kwa hiyo fidia ikigawiwa hakuna anayewaita. Zamu zikianza kupungua, mwenye vyumba hujua kabla ya waziri.

Sasa tazama wenye fedha wanavyofanya kwao. Ujerumani ilipopitisha sheria 2020 ya kuachana na makaa ifikapo 2038, ilitenga hadi euro bilioni 40 kwa mikoa yake ya makaa. Lausitz, mojawapo ya maeneo hayo, haikuandikiwa deni. Hispania, Oktoba 2018, iliketi na vyama vya wafanyakazi na kusaini mpango wa euro milioni 250, wachimbaji waliofika miaka 48 wakiruhusiwa kustaafu mapema, na yote hayo kabla migodi mingi haijafungwa mwishoni mwa mwaka ule. Nawapongeza. Ninachoshangaa ni jinsi haki hiyohiyo inavyogeuka deni ikishavuka mpaka.

Nitaambiwa mikopo hii ina riba nafuu kuliko ya soko. Ni kweli, na kwa paneli za jua sina ugomvi nayo: paneli huuza umeme, zikajilipa. Lakini kumfundisha mchomeleaji wa miaka hamsini kazi nyingine hakuuzi umeme. Posho ya miezi anayosubiri kazi hiyo haina mapato ya kulipia riba. Ruzuku inahitajika hapo kuliko popote, na hapo ndipo ilipo haba.

Halafu Machi 2025 Marekani ikajitoa katika mipango ya Afrika Kusini, Indonesia na Vietnam. Ahadi ya kisiasa ni hivyo, uchaguzi mmoja unatosha kuifuta. Novemba mwaka huohuo, kwenye mkutano wa tabianchi huko Belém, Brazili, nchi zilikubaliana kuanzisha utaratibu wa kimataifa wa mpito wa haki. Ni hatua, ila nitaushangilia siku utakapokuja na mfuko wake.

Hadi siku hiyo, nina ombi kwa chumba chako cha habari. Tangazo jingine la mabilioni likija, lichapeni kwa safu tatu: mkopo kiasi gani, dhamana kiasi gani, ruzuku kiasi gani. Chini yake wekeni tarehe ya kuzimwa kwa mtambo na tarehe ya kuanza kwa kazi mpya, tuone ipi inatangulia.

Msomaji wako wa siku nyingi