Risala ya Kikundi cha Wakulima, Wafugaji na Wavuvi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kupokea Hatimiliki za Kimila

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa wilaya na kata,
Mwenyekiti na Mtendaji wa Kijiji,
Wazee wetu, wageni waalikwa, ndugu wananchi,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha salama chini ya miembe hii, hapa kando ya Ghuba ya Speke, Ziwa Victoria. Mheshimiwa, tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Tunajua una ratiba ndefu, na kufika kwako kijijini kwetu kumetupa heshima kubwa.

Kikundi chetu kina wakulima, wafugaji na wavuvi. Miaka michache iliyopita watu hawa wasingekaa benchi moja kama unavyowaona leo. Mwenye mpunga alikuwa ameteremsha majaruba yake mpaka ukingoni mwa maji. Mwenye ng'ombe alitafuta pa kunyweshea. Mvuvi naye alihitaji mwalo wa kuvutia mtumbwi na uwanja wa kuanikia dagaa. Wote walikuwa wakigombea kipande kile kile cha mwambao. Palio, yaani njia ya kupitishia ng'ombe, ambalo wazee wanalikumbuka likipishanisha makundi mawili ya ng'ombe lilibaki upana wa mkokoteni, kwa sababu kila msimu jembe liliongeza matuta mawili matatu kutoka kila upande. Ng'ombe wakiingia shambani, sungusungu, walinzi wetu wa jadi, wanaitwa. Mimi ninayesoma risala hii nimewahi kukomboa ndama wa baba yangu kwa magunia mawili ya mpunga, na hadi leo sijui nani alikuwa na haki siku ile, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuonyesha palio linaanzia wapi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, chanzo cha migogoro hii ni cha zamani. Wakati wa Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976, kaya nyingi zilihamishwa kutoka mahame yao na kusogezwa pamoja. Baadaye wengine walirudi walikotoka, wengine wakabaki, na wengine wakadai kote kuwili. Mipaka ilikaa kwenye kumbukumbu za wazee na kwenye mistari ya mkonge na minyaa. Mzee akifariki, anaondoka na mpaka wake.

Ndiyo maana leo tumeona vema tuitaje Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi. Tume hii ilianzishwa kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 1984, na sasa inafanya kazi chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya mwaka 2007. Tulipoisikia mara ya kwanza, wengi wetu tuliogopa. Minong'ono kilabuni na kisimani ilikuwa kwamba wanakuja kukata ardhi wampe mwekezaji. Haikuwa hivyo. Tume inaandaa miongozo na viwango, inawajengea uwezo wataalamu wa halmashauri na kuratibu mipango nchi nzima, yenye vijiji zaidi ya 12,000. Timu ya wilaya ndiyo inayokuja kukaa na wananchi. Mpango wenyewe unaandaliwa na Halmashauri ya Kijiji, na hauwi mpango mpaka Mkutano Mkuu wa Kijiji uukubali. Tulipolielewa hilo, hofu ikapungua, maana mwenye kunyoosha mkono ni mimi na jirani yangu.

Tunaomba tukusimulie siku moja tu ya kazi hiyo. Wataalamu walituambia tuchore kijiji chetu chini, kwenye vumbi. Wanaume walichora kwanza: majivu yakawa palio, magunzi yakawa nyumba, punje za dengu zikaonyesha mbuga, na kanga ya bluu ikatandikwa kuwa ziwa. Wakasimama wakajisifu. Ndipo mama mmoja akainama, akaweka kibuyu kidogo nyuma ya majabali ya upande wa magharibi. Akasema, "Hapa kuna chemchemi. Sisi tunachota hapa ziwa likichafuka." Hakuna mwanaume hata mmoja aliyekuwa ameichora. Leo chemchemi ile imo kwenye ramani ya kijiji, imetengwa pamoja na eneo linaloizunguka, na tunaamini bila kibuyu kile ingekuwa tayari shamba la mtu.

Katika mpango huo tumetenga maeneo ya makazi, kilimo, malisho, mwalo na huduma za jamii. Tumetenga pia ngitili, yaani malisho yanayofungwa na kuhifadhiwa kwa ajili ya kiangazi. Hili ni jambo la mababu zetu Wasukuma, na jirani zetu wa Shinyanga walilifufua kwa nguvu kupitia mradi wa hifadhi ya ardhi ulioanza mwaka 1986. Tumefurahi kuona utaalamu wa serikali haukuja kuzika ujuzi wa wazee bali umeuandika kwenye karatasi yenye muhuri.

Hati tunazopokea leo ni matunda ya mpango huo. Nyingi zina majina mawili, la mume na la mke. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanaume, lakini kwetu haki hiyo ilikuwa inasikika redioni tu. Wapo wajane hapa mbele yako ambao leo wanashika karatasi yenye jina lao kwa mara ya kwanza. Kwa hilo tunasema, wabeja sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, pamoja na shukrani hizo, kazi haijaisha. Sheria ndogo tulizopitisha kwenye mkutano mkuu bado hazijakamilishwa ngazi za juu, kwa hiyo anayelima ndani ya palio leo tunaweza kumsihi tu. Alama za mipaka zimewekwa mwanzo na mwisho wa palio, katikati hakuna kitu, na katikati ndiko jembe linakoingia. Tunaomba alama ziongezwe na sheria ndogo zisukumwe kabla ya mvua za vuli, maana mvua zikishika kila mtu atakuwa ameshalima.

Lipo na suala la mwambao, na hili linatuumiza kichwa kuliko yote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Tunaikubali, tumeona udongo unavyoshuka majini na samaki wanavyopungua kwenye mazalia. Lakini mwaka 2020 ziwa lilijaa kupita kiasi, majaruba yakamezwa, na maji yaliposhuka ukingo haukuwa pale pale. Kila mtu sasa anapima mita 60 kuanzia mahali panapomfaa. Tunaomba wataalamu wa Tume na wa bonde la ziwa warudi, wapime pamoja nasi, waache alama isiyobishaniwa. Wanaolima ndani ya eneo hilo ni ndugu zetu, wengine hawana shamba lingine, na tumeshakubaliana kijijini kuwatafutia nafasi kwenye ardhi ya akiba. Tunachokosa ni mstari.

Kwa upande wetu tumeotesha miche ya miti kwa ajili ya ukingo huo. Iko kwenye viriba nyuma ya ofisi ya kijiji, na akina mama wanaimwagilia kwa zamu asubuhi na jioni. Mizizi imeanza kutoboa viriba.

Tunakuomba, Mheshimiwa, ukishakabidhi hati, utembee nasi kwenye palio kutoka hapa hadi majini. Si mbali, ni dakika kumi tu, na wafugaji wamekubali kuchelewesha ng'ombe ili upite kwanza.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu kwa niaba ya wanakikundi.