Betri ya Baiskeli ya Umeme: Iweke Kwenye Mizani Kwanza

Stika haigharimu kitu. Mwenye printa yeyote anaweza kuchapa "48V 20Ah" (volti 48, ampea-saa 20, yaani kiasi cha umeme inachobeba) na kuibandika kwenye boksi lolote. Ndiyo maana betri ikiingia karakana kwetu, kabla ya kusoma kilichoandikwa tunaipima uzito, kwa mizani ileile ya dukani ya kupimia sukari.

Hesabu yake ni hii. Betri nyingi za lithiamu za baiskeli hujengwa kwa seli ndogo za mviringo ziitwazo 18650, zenye upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Seli moja ina uzito wa gramu 45 hadi 50, na ile ya daraja la juu hubeba takriban 3.5Ah. Kupata 48V unahitaji makundi 13 yanayofuatana, na kupata 20Ah kila kundi liwe na seli 6. Jumla seli 78, zaidi ya kilo tatu na nusu, na hapo hujaweka boksi, waya wala bodi ya ulinzi. Kwa seli kubwa za 21700 hesabu inarudi palepale. Sasa ukiuziwa "20Ah" yenye kilo mbili na nusu, umeuziwa stika. Na zile 18650 zilizoandikwa 9,900mAh, yaani 9.9Ah kwa seli moja, usipoteze muda hata kuuliza bei.

Unahitaji kubwa kiasi gani? Zidisha volti kwa Ah upate wati-saa. 36V ya 10Ah ni 360. Barabara tambarare, ukisaidia kwa pedali, baiskeli hula kama wati-saa 10 kwa kilomita. Ukipanda Kimara na kreti la soda kwenye keria, huku miguu imepumzika, inafika 20 au inapita. Mtu wa kilomita 30 kwa siku, kwenda na kurudi, sisi humpigia 15 kwa kilomita, yaani 450, kisha tunaongeza akiba. Hapo 48V ya 12Ah inamtosha. Kubwa zaidi ya hapo ni uzito wa kubeba bure, ingawa wauzaji hawatakuambia hivyo.

Volti hazichaguliwi kwa tamaa. Fuata kilichoandikwa kwenye kontrola, kile kiboksi kinachopeleka umeme wa betri kwenye mota. Betri ya 36V ikijaa inafika 42V, ya 48V inafika 54.6V. Kontrola nyingi za 36V ndani zina kapasita, vipande vidogo vya kuhifadhi umeme, zinazohimili 50V tu. Ukiweka 48V baiskeli itakimbia kweli, mpaka kapasita zipasuke. Angalia na ampea. Kama kontrola inavuta 20A na bodi ya ulinzi ndani ya betri, ambayo mafundi tunaiita BMS, inaruhusu 15A, umeme utakata katikati ya mlima, kisha utarudi ukisubiri kidogo. Wengi hudhani mota imekufa, wanakwenda kununua mota.

Chaja ndiyo inayotunyima usingizi. Baiskeli nyingi zilikuja na betri nne za asidi za 12V, na mwenyewe akihamia lithiamu anabaki na chaja ya zamani kwa sababu nayo imeandikwa 48V. Chaja ile inapanda mpaka karibu 59V, wakati betri mpya mwisho wake ni 54.6V. BMS nzuri itakata. Mbovu haitakata, na lithiamu iliyojazwa kupita kiasi huwaka moto usiozimika kwa ndoo ya maji. Ukibadilisha betri badilisha na chaja, na usichaji usiku umelala.

Sasa kuifunga betri kwenye baiskeli. Kabla ya kununua, kata kadibodi kwa vipimo vya betri uijaribu katikati ya fremu, kwani baiskeli za wanawake mara nyingi hazina nafasi hapo. Kwenye keria inakaa, lakini uzito unakuwa juu na nyuma, na mzigo wako utauweka wapi? Bolti mbili za kishikio cha chupa ya maji hazitoshi kubeba betri ya kilo nne kwenye mashimo ya mtaani. Tunatoboa na kuongeza ya tatu, kisha tunapachika vipande vya tyubu kuukuu kati ya boksi na fremu ili lisigonge. Waya zinaachwa zikining'inia kidogo chini ya plagi kabla ya kupanda, maji ya masika yadondokee pale badala ya kuingia ndani. Fyuzi inakaa karibu na upande chanya wa betri. Kwa wanaokaa karibu na bahari, kama Kigamboni, tunapaka grisi ya umeme kwenye plagi, maana chumvi inakula shaba taratibu.

Usiamini rangi za waya. Pima kwa mita kabla ya kuchomeka, kwani chanya na hasi zikigeuka kontrola inaungua papo hapo. Cheche ndogo ukichomeka ni kawaida, ni kapasita zinajaa; plagi ya XT90 yenye kuzuia cheche inaondoa hilo.

Ukija kwetu, njoo na baiskeli yenyewe na chaja unayotumia. Betri iliyovimba, iliyozama kwenye mafuriko au inayotoa harufu usipande nayo daladala. Iweke nje kivulini, mbali na nyumba, halafu tupigie simu tuje kuichukua.