Kwa mpwa wangu aliyerudishwa namba tano

Mpwa wangu,

Mama yako ananiambia umenuna tangu Jumamosi, eti kocha amekutoa namba tisa akakupanga namba tano. Nuna tu, lakini nisikilize. Kuna beki mmoja wa zamani wa Australia, Vic Thorp, aliyeichezea Richmond ya Melbourne kuanzia 1910 hadi 1925.

Mpira wao si huu wetu. Uwanja una umbo la yai, kila timu watu 18, mpira unadakwa kwa mikono, na ofsaidi hakuna kabisa. Mshambuliaji akitaka atakuganda langoni mpaka filimbi ya mwisho. Goli lenyewe ni nguzo nne zisizo na mtambaapanya. Ukipiga mpira ukapita kati ya zile mbili ndefu, pointi 6. Ukipita pembeni, kati ya ndefu na fupi, pointi 1. Kazi ya Thorp ilikuwa hapo: kumbana mtu mpaka apige akiwa vibaya, 6 igeuke 1. Ikishaingia hiyo 1, mabeki ndio wanaopewa mpira waanzishe.

Sasa tazama fainali ya 1921: Richmond 5.6 (36), Carlton 4.8 (32). Namba ya kwanza ni mabao, ya pili ni zile za pembeni, kwenye mabano ni jumla. Piga hesabu. Carlton walipata mara 12, Richmond mara 11, na bado Carlton wakalala kwa pointi 4. Ile 8 ni jasho la mabeki. (Wapo watakaosema Carlton walikosa shabaha tu. Hao hawajawahi kucheza nyuma.)

Mwaka mmoja kabla, Richmond walikuwa wamewachapa Collingwood 52 kwa 35, ubingwa wao wa kwanza tangu waingie ligi kuu ya Victoria 1908. Thorp alikuwemo fainali zote mbili. Na enzi hizo benchi halikuwa na mtu wa akiba: ukiumia, mnabaki pungufu.

Mechi 263 alicheza, na mabao yake unayahesabu kwa vidole. Mwaka 1998 Richmond walipotaja kikosi chao cha karne, beki wa mwisho alikuwa yeye, marehemu tangu 1941.

Jumamosi nakuja uwanjani. Nitakuletea viatu vya njumu ndefu, maana pale langoni kwenu tope halikauki.

Mjomba wako