Anayeanza kukimbia aende mwendo wa salamu

Mhariri, shikamoo kama we ni mkubwa wangu, na kama ni mdogo basi marahaba mwanangu. Mie ni fundi cherehani niko Ngamiani hapa Tanga, nina miaka 53, na barua hii naiandika na hasira kidogo kwa ajili ya jirani yangu mmoja ambae Jumatatu alianza kukimbia, Jumanne kashinda kitandani miguu kaipandisha juu ya mto, Jumatano kaniletea raba zake niwape wajukuu. Namuuliza vipi tena shoga, ananambia "umri umeshakwenda, mbio za watoto hizi". Ana miaka 46! Mie nimeanza nikiwa na 51.

Umri unasingiziwa tu pale. Mie siku ile nilikuwa barazani na cherehani yangu nikamuona mwanzo mwisho. Katoka kwake vizuri, pole pole, anajivuta vuta, mpaka akafika kona ya kijiwe cha kahawa. Pale wapo wazee na vijana wasio na kazi, kikombe mkononi kashata pembeni, wanamtizama. Basi mwenzangu kuona macho yale kanyanyua dera akatoka mkuku kama katumwa maji na nyumba inaungua! Akapita kijiwe kwa sifa zote, akakata kona, na mie nikaacha kushona nikamfuata maana nilijua nini kitatokea, nikamkuta kashika ukuta wa watu, mkono mwengine ubavuni, kichomi kimembana, hata jina langu hawezi kulitamka.

Kilichomuangusha ni aibu, na naijua sababu na mie ndio ilivyonifanya mwezi mzima wa kwanza.

Wenye umri wetu huu aibu tulifundishwa shuleni. Unakumbuka mchakamchaka Mhariri? Mie nilianza darasa la kwanza 1980, alfajiri na baridi ya kusi mnatolewa nje mnazungushwa huku mnaimba, na mwalimu yuko nyuma na fimbo, wa mwisho zinamhusu. Kila siku. Sasa mtoto wa miaka nane aliefunzwa kwamba wa mwisho anachapwa, huyo akifika miaka 50 ukamwambia kimbia kidogo kwa afya yako, mwili unatafuta fimbo iko wapi. Anakimbia kama yuko mbele ya mwalimu. Halafu akichoka kwenye nguzo ya tatu ya umeme anasema umri.

Kisa changu mie kilikuwa presha. Nesi wa zahanati alinipima akarudia mara mbili akaniangalia, 160 kwa 100, akaniuliza unafanya kazi gani, nikamwambia nakaa. Ndio kazi ya fundi, kukaa, miaka 28 nimekaa kwenye stuli moja na kinachotembea ni mguu mmoja tu kwenye pedeli, na toka nifunge mota hata huo haufanyi kazi. Nikapewa vidonge, nikaambiwa na mazoezi. Wenye presha au moyo au sukari muulizeni daktari kwanza kabla hamjafunga kamba za raba, mie niliambiwa nitembee wiki kadhaa ndio nianze kukimbia na nikafata.

Binti yangu yuko Dar akaniwekea kwenye simu ile programu ya wiki 9, inaanza hivi, unatembea dakika tano za kupasha mwili, halafu unakimbia sekunde 60 unatembea sekunde 90, unarudia hivohivo dakika 20, siku tatu tu kwa wiki, na mwisho wa wiki 9 unatakiwa uwe unakimbia nusu saa bila kusimama. Sekunde 60 nikacheka. Dakika moja? Mie nimebeba ndoo za maji maisha yangu yote! Basi zile sekunde 60 za kwanza nilizikimbia kama Filbert Bayi. Wadogo labda hamumjui, ni mkimbiaji wetu wa Tanzania, mwaka 1974 kule Christchurch, New Zealand, alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia, na mtindo wake alikuwa hasubiri mtu, anatoka mbele toka bastola inalia mpaka mwisho. Mie nikatoka mbele toka bastola. Sekunde ya 40 nikakaa chini kwenye kingo ya barabara mtu wa bodaboda akasimama kuniuliza mama umegongwa?

Sasa kilichoniokoa, na ndicho hasa nilichotaka kuandika, ni salamu. Hapa Tanga Mhariri kama hujawahi kufika, mtu humpiti hivi hivi. Hujambo, sijambo, umeamkaje, za nyumbani, watoto hawajambo, mzee anaendeleaje, haya nisalimie. Ndio salamu moja hiyo. Kuna mzee mmoja muuza magazeti nampita kila siku karibu na reli, na mwanzoni nilikuwa nampungia mkono tu maana pumzi sina, siku moja akaninunia, akasema mwanangu toka uanze hizo mbio umekuwa huna adabu. Iliniuma. Kesho yake nikasema leo ntamjibu salamu yote kwa mdomo na sisimami, nikalazimika kupunguza mwendo mpaka nikawa karibu sawa na mtu anaetembea, kuku ananipita, na nikamjibu mpaka habari za mzee. Na nikaendelea! Nguzo ya tatu ikapita, ya nne, ya sita, nikajistukia niko Uhuru Park sijasimama.

Kumbe wataalamu wa mbio nao ndio wanavosema, anaeanza akimbie mwendo ambao anaweza kuongea sentensi nzima bila kukatika, akishindwa basi kazidisha. Binti yangu ndio akanieleza, mie nikamwambia sie Tanga kipimo hicho tunacho bure barabarani kote.

Tena kuna kitu hapa wengi hawakijui na mie kilinikuta. Pumzi inazoea upesi, wiki tatu nne tu unaona moyo haugongi tena kama ngoma, mwili unakudanganya kwamba umeshaiva. Lakini mishipa inayoshika misuli kwenye mifupa, na mifupa yenyewe, hiyo inazoea taratibu mno, miezi. Kwa hiyo wiki ya tano pumzi ninayo nikaongeza siku, badala ya tatu nikawa nakimbia sita, nikapata maumivu ya ugoko hapa mbele chini ya goti, ukigusa tu unaruka, wiki mbili nikawa nakanyagia pedeli ya mota mguu wa kushoto. Siku ya kupumzika nayo ni ya mazoezi, mwili unajijenga siku hiyo. Ile programu ya wiki 9 mie ilinichukua miezi mitano, na katikati ikaingia Ramadhani nikawa natembea tu nusu saa kabla ya futari, na hakuna mwalimu aliekuja na fimbo.

Raba. Msidanganywe na bei za madukani, mie raba zangu zote mbili ni mtumba. Ila uwe na jicho, bonyeza soli kwa dole gumba, ikiwa ngumu kama ubao iache hata kama inang'aa, ikunje uone inakunjikia wapi, iwe kwenye vidole isiwe katikati ya unyayo. Na uache nafasi ya upana wa dole gumba mbele, mguu unavimba ukikimbia, hasa joto letu hili la kaskazi. Za kwanza nilichukua zilizonikaa barabara kabisa, kucha ya dole gumba ikawa nyeusi kama zambarau ikang'oka yenyewe.

Wanaume rukeni hapa. Akina mama, sidiria iwe ya kukamata kweli, kama hamna ile ya mazoezi vaeni mbili, msione haya. Na mapaja yakisuguana pakeni mafuta ya mgando kabla hamjatoka, msingoje mpaka yachubuke maana maji ya kuoga yakigusa mtamtaja kila mtu. Mie nimejishonea dera fupi linafika chini ya magoti, pembeni nimelipasua pande zote mbili, ndani suruali ya kitambaa chepesi, ushungi nimetia lastiki nyuma hautoki hata upepo wa bahari kule Raskazone uvume vipi. Nimeshashonea wanawake wanne mpaka sasa, biashara hiyo sikuitarajia.

Njia yangu siku hizi natoka baada ya swala ya alfajiri, navuka reli, napita mjini, naangukia bustani ya Jamhuri pale juu ya bandari, halafu barabara ya Bombo kuelekea Raskazone. Ukifika ule upande bahari inaanza kuonekana kwenye miti, kisiwa cha Toten kiko pale kimya, mitumbwi ya wavuvi inarudi, na wewe unahema taratibu hakuna anaekudai kitu. Hii raha siiwezi kuieleza vizuri. Nakimbia upande wa kulia wa barabara ili magari niyaone yanakuja, bodaboda wengine saa zile hawawashi taa. Mbwa wa walinzi wapo, ukiwaona tembea, usikimbie, na usiwatizame machoni. Tungepata na taa kidogo kwenye vipande vya giza tungeshukuru, wanaohusika wakisoma hapa salamu zao hizo.

Mwaka 2025 mwezi wa tisa Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo, saa 2 dakika 9 na sekunde 48, yeye na yule Mjerumani muda ule ule, wametofautiana sekunde 0.03 mpaka ikaangaliwa picha, kijiwe kizima kilisimama. Nilifurahi na mie, nilipiga kigelegele mpaka nikaharibu mshono. Lakini kesho yake napita wakaniuliza "mama na wewe Tokyo lini?" wakacheka. Na mie siku hiyo pumzi ninayo nikawajibu huku nakimbia, nikawaambia mnamjua John Stephen Akhwari? Wazee wawili wakamjua. Mtanzania huyo, Mexico mwaka 1968, marathoni ya Olimpiki, kaanguka kaumia goti, na akaendelea, kafika mguu una bendeji zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, watu wa uwanjani wengi wameshaondoka. Nafasi ya 57, nyuma yake hakuna. Sasa nitajieni alieshika nafasi ya pili siku ile. Kimya. Mshindi je? Kimya. Wa mwisho ndio wanamjua dunia nzima, na hakuna aliemchapa.

Kulikuwa na yule mzee Fauja Singh wa kule Uingereza, marathoni yake ya kwanza London mwaka 2000 akiwa na miaka 89, na 2011 kamaliza ya Toronto akihesabiwa ana 100. Wengine walikuwa wanabisha hana cheti cha kuzaliwa, haya hata marehemu babu yangu wa Pangani alikuwa hana, alizaliwa "mwaka wa nzige" basi. Mtoe miaka mitano, mtoe kumi, bado alianza mzee kuliko mie na jirani yangu.

Ninachoomba kwako Mhariri ni kitu kidogo. Ukurasa wenu wa michezo ni Simba na Yanga, Yanga na Simba, nani kasajiliwa, nani kagoma, na mbio mkiziandika basi ni alieshinda. Tafuteni siku muandike mtu alieanza, fundi, mama ntilie, dereva mstaafu, muandike anaanzaje na wapi anaumia na raba kanunua wapi. Shirika la Afya Duniani wanasema mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya kawaida, au 75 za kuhema hasa, mie zangu ni nusu saa mara tatu, 90, na siku zilizobaki naenda sokoni kwa miguu. Presha yangu mara ya mwisho 130 kwa 84 na vidonge bado nameza, sijaambiwa niache na siachi, msije mkasema fundi kasema tupeni dawa.

Zile raba za jirani sijawapa wajukuu, nimezitundika kwenye msumari hapa kazini anaziona kila akipita. Jana kasimama akauliza zile ni za kwangu bado? Nikamwambia kesho alfajiri nakugongea, tunavuka reli pamoja, na pale kwenye kijiwe cha kahawa tutatembea, tena tutasimama tuwasalimie mmoja mmoja mpaka kahawa yao ipoe.

Ni mie,
Fundi wa Ngamiani, Tanga

Jina msilitoe tafadhali, nina nguo za watu za harusi hazijaisha, wataanza kusema zinachelewa sababu niko mbioni.