Mgeni asifichwe siku ya maandamano Nairobi

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wenye hoteli na waongoza watalii wa Nairobi kwamba mgeni hawezi kujikinga na jambo asiloambiwa. Tangu Juni 25, 2024, waandamanaji waliopinga Mswada wa Fedha walipoingia Bungeni, tarehe hiyo imekuwa siku ya kutazamia maandamano, sawa na Saba Saba, yaani Julai 7, kumbukumbu ya maandamano ya 1990 ya kudai vyama vingi. Na Julai 7, 2025 polisi walifunga barabara kuu za kuingia katikati ya jiji, hali inayoweza kumkosesha ndege hata msafiri aliyejihimu mapema. Mwenye safari siku kama hizo afadhali alale karibu na uwanja wa ndege usiku wa kuamkia, au Syokimau ikiwa anapanda treni ya Mombasa, kuliko kutegemea teksi ya asubuhi. Aepuke Moi Avenue na mitaa iliyo karibu na Bunge, wala asisimame kupiga picha, kwa kuwa gesi ya kutoa machozi haiulizi pasipoti. Kinachoniudhi ni wahudumu wa mapokezi wanaomwambia mgeni "hakuna matata" ilhali maduka ya jirani yameshateremsha milango ya chuma.

Msomaji wako,
Nairobi