Picha za matumbo yetu ziwekwe

Ndugu Mhariri, asalaam aleikum.

Naomba nafasi kidogo niseme juu ya hizi kompyuta za kusoma picha za kipimo cha mpira, maana siku hizi ukizungumza afya lazima uskie akili mnemba, na watu wanaulizana lini zitafika Unguja na Pemba, mie nataka kujua zitakuja zimefundishwa kwa matumbo ya nani.

Kwa asojua, daktari anapitisha mpira wenye kamera mdomoni au njia ya haja kubwa, picha inatoka kwenye skrini, na kompyuta inaangalia picha hiyo hiyo wakati huo huo, ikiona kinyama kilichoota kwenye utumbo mpana inakichorea kijisanduku cha rangi ili daktari atupie jicho. Inasaidia kweli. Utafiti wa China uliotoka 2019 ulionesha bila kompyuta waligundua vile vinyama vinavoweza kugeuka kansa kwa wagonjwa 20 katika kila 100, kwa kompyuta wakafika 29. Vinyama vyengine ni bapa, vimejificha nyuma ya mikunjo ya utumbo, na daktari alieanza kazi asubuhi jicho lake la saa nane mchana si lile la saa mbili.

Ila kompyuta lazima ifundishwe, ioneshwe maelfu ya picha ambazo daktari kashaandika hichi kidonda, hichi kinyama, hapa pazima, mpaka ishike. Moja katika mikusanyo mikubwa wanayotumia watafiti inaitwa HyperKvasir, ina picha 110,079, zimetoka hospitali ya Bærum kule Norway, na katika zote hizo zilizoandikwa na wataalamu ni 10,662 tu, hapo ndo utaona kazi ilivo nzito. Wameitoa bure, Mungu awalipe. Lakini Norway, katika kansa za njia ya chakula, iliyowasumbua sana ni ya utumbo mpana, na sie tuko kwenye ule ukanda wa kuanzia Ethiopia kuteremka Kenya, Tanzania, Malawi mpaka Afrika Kusini ambako kansa ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni mpaka tumboni, ndo inamaliza watu, mzee anaanza mkate haupiti, baadae wali, mwisho hata uji anautema. Kompyuta iliyozoea matumbo ya Norway itamjua mzee huyu?

Sasa picha zetu ziko wapi? Mama yangu mdogo alipimwa hospitali moja nisiyoitaja, kalala na njaa, kapuliziwa ganzi kooni, kavumilia mpira, katoka na karatasi ya mistari miwili ya kalamu na muhuri, basi. Tulipompeleka Dar daktari kauliza picha iko wapi, tukabaki kuangaliana, ikabidi arudie mpira upya, nauli ya boti na pesa ya kipimo juu yetu. Ile picha ya mwanzo ilipita kwenye skrini ikapotea, haikumfaa yeye wala haikumfundisha mtu.

Na jengine tusilisahau, Poland utafiti wa 2025 uliona madaktari waliokwisha kuzoea kompyuta, wakipima bila yake walikuwa wanagundua vinyama kwa wagonjwa 22 katika 100 badala ya 28 wa kabla kompyuta haijaja. Kwetu mashine ikiharibika fundi anasubiriwa kutoka nje, kwa hiyo madaktari wetu wafundishwe kwanza kuona kwa macho yao wenyewe.

Naiomba Wizara ya Afya, popote kipimo hichi kinapofanywa Unguja na Pemba, picha ziwekwe. Jina la mgonjwa liondolewe, ubaki umri, wilaya anayotoka na majibu ya maabara ya kile kinyama kilichokatwa, maana picha peke yake haithibitishi kinyama ni kansa au siyo. Mgonjwa aulizwe kwanza, akikataa aachwe, na akikubali au akikataa apewe nakala yake aondoke nayo. Vijana wa SUZA, chuo kikuu chetu cha taifa cha Zanzibar, wanaosoma kompyuta na wale wanaosoma udaktari wakae na madaktari wakubwa waziandike picha moja moja, na tukianza na za kansa ya umio itakuwa vizuri zaidi kwa sababu ndo kansa inayotusumbua sie.

Wasalaam,
Msomaji wenu, Mwanakwerekwe, Unguja